Uzamili wa Afya na Elimu ya Viungo: Anzia Uwanjani

Mwalimu mwenzangu unayetaka kusoma uzamili wa afya na elimu ya viungo, kabla hujajaza fomu ya chuo, kaa kando ya uwanja kipindi kizima ukiwa na saa na daftari. Mchague mtoto mmoja. Andika muda anaokimbia, kuruka au kutembea kwa kasi, kisha andika muda anaosimama kwenye foleni akingoja mpira. Tasnifu yangu ilitoka kwenye foleni hiyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya nguvu ya kati hadi kubwa. Kipindi kikiisha na mtoto wako amesimama zaidi ya alivyocheza, swali la utafiti unalo.

Sasa libane. “Athari za michezo kwa afya ya wanafunzi” humalizi hata kwa miaka kumi. “Je, watoto hucheza kwa muda mrefu zaidi wakigawanywa wanne wanne kuliko kumi kumi?” Hilo linapimika.

Chuo kitafute kwa kumwangalia msimamizi. Soma tasnifu mbili tatu alizosimamia na uongee na wanafunzi wake. Bingwa wa fiziolojia ya mazoezi, yaani jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa mazoezi, si lazima awe mwongozaji mzuri wa utafiti wa ufundishaji. Takwimu anza kuzisoma mapema, hasa kama hesabu uliiacha zamani.

Kwenye vipimo vya stamina ndipo ninapoomba utulie. Jaribio la Cooper la mwaka 1968, kukimbia dakika 12 na kupima umbali, linahitaji nafasi kubwa. Mbio za Léger za kwenda na kurudi mita 20 zinatosha kwenye uwanja mdogo: kasi huanza kilomita 8.5 kwa saa na kupanda nusu kilomita kila dakika. Lakini anayeshindwa kwenda na kasi hiyo hutoka huku wenzake wote wakimtazama, na mara nyingi wa kwanza ni yule yule asiyependa kipindi chetu. Wapime katika vikundi vidogo, na matokeo usiyasome kwa sauti kamwe. Tunataka mtoto huyu aendelee kupenda kucheza hata baada ya sisi kupata shahada.

Kibali cha kamati ya maadili kiombe mapema, kwa sababu huruhusiwi kukusanya data kabla hakijatoka. Ridhaa ya mzazi peke yake haitoshi. Mweleze mtoto kwa maneno anayoyaelewa, umuulize kama anakubali, na akitaka kuacha katikati, aache bila kuhojiwa.

Kisha fanya jaribio dogo na watoto ambao hawatakuwa kwenye sampuli yako. Waangalizi wawili wamwandike mtoto mmoja kwa wakati mmoja bila kuchunguliana. Daftari zao zikitofautiana sana, rudini mkubaliane “kutembea kwa kasi” ni kupi, ndipo muanze kazi yenyewe.