Kabla hujalipia programu ya duka: namna ninavyozipima, hatua kwa hatua

Kila mwezi napokea simu ya aina moja. Mwenye duka ananiambia, "Kaka, nimeonyeshwa programu nzuri sana, niichukue?" Kabla sijauliza jina la programu, huuliza swali moja: jana mliuza kitu gani kikawasumbua kukiandika? Akikosa jibu, najua wakati wa kuchagua bado haujafika.

Kazi yangu ni kuwawekea wafanyabiashara wadogo mifumo ya mauzo na stoo hapa Dar es Salaam. Mfano nitakaotumia ni duka la vifaa vya ujenzi, maana ndilo linaloiumbua programu mapema. Kama unauza nguo au dawa za mifugo, badilisha bidhaa tu, utaratibu ni uleule.

Hatua ya 1: Kaa kaunta siku mbili na daftari

Usianze kwa kutafuta programu kwenye simu. Vuta kiti, kaa pembeni ya muuzaji, uandike kila kinachofanyika kwa mpangilio kinavyotokea. Siku mbili zinatosha, moja kati ya hizo iwe Jumamosi.

Utaona mambo ambayo mwenye duka mwenyewe hakuyataja. Fundi anachukua mifuko kumi ya saruji, analipa nusu kwa simu, nusu "nitamalizia Ijumaa". Mteja anarudisha mifuko miwili iliyobaki site. Bei ya bati imeshushwa kwa sababu amechukua mengi. Mwingine kalipia leo, mzigo atakuja kuufuata kesho kwa bajaji.

Ila kinachoangusha programu nyingi ni misumari. Unaipokea kwa mfuko wa kilo 25, unaiuza kwa kilo, nusu na robo. Waya wa umeme unaununua kwa roli, unauza kwa mita. Rangi inakuja kwa ndoo ya lita 20, na mteja anataka lita moja. Programu inayojua kuhesabu "kimoja, viwili, vitatu" pekee itakuonyesha kuwa una mfuko mmoja wa misumari hata kama umebaki na viganja viwili. Hapo muuzaji anaanza kubuni njia za mkato, anaandika mfuko mzima umeuzwa ili mambo yaende, na ndani ya wiki tatu hakuna tarakimu ya stoo unayoweza kuiamini.

Mwisho wa siku ya pili, chagua miamala kumi iliyokuwa migumu kuliko yote. Iandike kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo ndiyo mtihani wako, na kila programu itaufanya uleule.

Hatua ya 2: Jiulize kama unahitaji programu kweli

Duka lenye bidhaa 60 na muuzaji mmoja linaweza kuendeshwa vizuri kwa jedwali la Google Sheets, ambalo halilipiwi, au hata kwa daftari linalofungwa kila jioni. Mimi huwa nasema hivyo waziwazi japo nakosa kazi. Programu inaanza kujilipa pale mnapokuwa wauzaji zaidi ya mmoja, au stoo ikiwa mbali na kaunta, au madeni yakizidi yale unayoweza kuyakumbuka kwa kichwa.

Hatua ya 3: Chukua tatu tu, na muuzaji ndiye ajaribu

Zaidi ya tatu utachoka, utaishia kuchagua ile yenye rangi nzuri. Omba kipindi cha majaribio. Anayekataa kukupa hata wiki moja ya kujaribu, achana naye.

Mwenye duka asiguse simu. Mpe muuzaji, soma muamala wa kwanza kwenye ile karatasi, halafu kaa kimya: "Nusu kilo ya misumari ya inchi tatu, analipa taslimu." Hesabu amebonyeza mara ngapi na amechukua sekunde ngapi. Akikwama, usimwelekeze. Andika amekwama wapi.

Nakumbuka dada mmoja wa kaunta ambaye bosi wake alikuwa ameshalipia programu ya mwaka mzima. Kila muamala ulitaka jina la mteja na namba yake ya simu kabla ya kuendelea. Saa nne asubuhi, watu sita wamesimama mbele yake, alikuwa anaandika mauzo kwenye kipande cha katoni la vigae, akisubiri foleni ipungue ayaingize. Mengine aliyasahau. Bosi alidhani anaibiwa, kumbe dada wa watu alikuwa anajitahidi kuhudumia wateja. Mnunuzi wa programu na mtumiaji wake mara nyingi ni watu wawili tofauti, na mtumiaji ndiye asiyeulizwa.

Hatua ya 4: Zima intaneti uone

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom, zinazopita chini ya bahari kutuletea intaneti, zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi za jirani. Maduka hayakufungwa siku zile. Wateja walikuja kama kawaida, ila mifumo inayotegemea mtandao kwa kila kitu ikawa inazunguka tu kwenye skrini. Na hatuhitaji kusubiri waya wa baharini: bando huisha, na umeme ukikatika ruta inazimika nao.

Jaribio lenyewe ni hili. Weka programu kwenye simu mbili. Zima data kwenye zote mbili. Uza vitu vitatu kwenye simu ya kwanza, kisha washa data na uangalie simu ya pili kama imepata taarifa. Baada ya hapo fanya jaribio gumu zaidi: chagua bidhaa iliyobaki moja, zima data tena, iuze kwenye simu zote mbili, halafu washa. Programu nzuri itakuonyesha stoo iko hasi moja na ikuoneshe nani kauza saa ngapi. Programu mbaya itafuta muamala mmoja kimyakimya. Nikiona muamala umepotea bila taarifa, naacha kuijaribu palepale, hata ikiwa na mazuri mengine mia.

Hatua ya 5: Jaribu kutoka kabla hujaingia

Hii ndiyo hatua ninayoing'ang'ania kuliko zote, na sababu inaniuma mpaka leo.

Niliwahi kumpendekezea mama mmoja mwenye duka programu ya bure iliyokuwa nyepesi na nzuri kutumia. Aliitumia miezi minane. Asubuhi moja haikufunguka. Namba ya wenye programu ikawa haipatikani, tovuti imezimwa. Mali tuliihesabu upya kwa siku mbili, rafu kwa rafu. Madeni hayakuwa na pa kuhesabiwa, yote yalikuwa mle ndani. Baadhi ya mafundi walikuja wenyewe wakasema, "Mama, mimi nadaiwa kiasi hiki," na Mungu awabariki. Wengine hawakuonekana tena. Mimi ndiye niliyemwambia aitumie, na sikuwa nimeuliza data zake zinatokaje.

Wala usidhani ukubwa wa kampuni ni kinga. Google waliifunga Google Reader mwaka 2013, na Skype iliyotumiwa dunia nzima ilifungwa Mei 2025. Tofauti ni kwamba wakubwa huwa wanatoa taarifa mapema na njia ya kupakua vitu vyako.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya majaribio, ingiza bidhaa 20, wateja watano wenye madeni, na mauzo ya siku moja. Kisha tafuta sehemu ya kupakua data na uzitoe kwa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi zinaweza kulisoma) au la Excel. Faili la PDF halitoshi, hilo ni la kusoma tu, huwezi kulihamishia kwingine kirahisi. Fungua ulichopakua ukague mambo matatu: je, madeni yametoka pamoja na majina? Tarehe zipo? Vipimo vya kilo na mita vimebaki vilivyo, au vimegeuka tarakimu zisizo na maana?

Hapa kuna mtego. Ukilifungua faili la CSV kwa Excel kwa kulibofya tu, sifuri ya mwanzo ya namba za simu inapotea, na namba iliyoanza na 255 inageuka kitu kama 2.55E+11. Ndani ya faili namba bado ni nzima, Excel ndiyo imeisoma kama hesabu. Ukihifadhi ukiwa umeiona hivyo, ndipo inaharibika kweli. Funga bila kuhifadhi, fungua Excel tupu, ingiza faili kupitia menyu ya Data, na safu ya simu uiambie isomwe kama maandishi.

Muuzaji wa programu akikwambia kutoa data "mpaka utuombe sisi ofisini", mwombe palepale. Hesabu siku mpaka upate.

Hatua ya 6: Piga gharama ya mwaka mzima

Bei ya mwezi inadanganya. Tuseme programu ni dola 10 kwa mtumiaji kwa mwezi na mko wanne: hizo ni dola 480 kwa mwaka, na shilingi utakazolipa zitapanda na kushuka na soko la fedha. Uliza kama bei imeshajumuisha VAT ya asilimia 18. Ongeza bando, karatasi za printa, na siku ambazo watu watajifunza badala ya kuuza.

Bei ya kila mtumiaji ina jambo lingine la kuangalia. Wenye duka wengi hulipia mtumiaji mmoja, halafu watu wanne wanatumia nywila ileile. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi: siku pesa zikipungua, kumbukumbu zote zina jina moja, na huwezi kumwuliza mtu bila kumdhulumu mwingine. Kama huwezi kulipia wote, tafuta programu ya bei nyingine.

Hatua ya 7: Akaunti iwe ya mwenye duka

Fungua akaunti kwa barua pepe na laini ya simu ya mwenye duka, siyo ya kijana wa kaunta wala yangu mimi fundi. Nimeshaona duka likikaa wiki nzima nje ya mfumo wake kwa sababu namba za uthibitisho zilikuwa zinakwenda kwenye laini ya mtu aliyekwishaacha kazi.

Angalia pia programu inaomba ruhusa gani. Ya stoo haihitaji orodha ya majina kwenye simu yako, ikiiomba ikatalie. Majina, namba na madeni ya wateja ni amana, na Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mwulize muuzaji taarifa hizo zinatunzwa wapi na nani anaweza kuzisoma. Jibu liwe la maandishi.

Hatua ya 8: Risiti ya TRA ni jambo jingine

Risiti inayotolewa na programu ya stoo haichukui nafasi ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, labda iwe imeunganishwa na mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato. Kwa walioko Kenya, swali ni kama inaongea na eTIMS, mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya kule. Usikubali "itakuja karibuni". Mwambie akutolee moja mbele yako.

Hatua ya 9: Mwezi mmoja na daftari pembeni

Ukishachagua, daftari lisiondoke kaunta mara moja. Kwa mwezi mmoja andikeni kote kuwili. Najua inachosha, wauzaji watanung'unika, waongezee hata nauli kwa mwezi huo. Kila Jumapili chagua bidhaa kumi, tano zinazotoka sana na tano za kawaida, uzihesabu kwa mkono, ulinganishe na programu na daftari. Zikitofautiana, fuatilia mpaka ujue kosa ni la nani: mtu, daftari au programu.

Wiki ya nne ikipita bila tofauti usiyoweza kuieleza, pakua data zote kwa mara ya kwanza, zihifadhi kwenye flashi iliyoko nyumbani kwa mwenye duka, na panga siku ya kurudia hivyo kila mwezi. Daftari liandike tarehe kwenye jalada, ulifungie kabatini pamoja na ile karatasi ya miamala kumi. Utaihitaji siku mtu mwingine atakapokuja na simu yake mkononi kukuonyesha programu nzuri zaidi.