Magonjwa ya kinywa: hesabu siku, usisubiri maumivu

Maumivu ni kipimo kibovu cha ugonjwa wa kinywa. Kidonda kidogo cha kawaida huweza kukunyima chakula, ilhali saratani ya ulimi ikianza mara nyingi haiumi. Hesabu siku. Kidonda, uvimbe au baka lililokaa zaidi ya wiki 2 bila kupona lionwe na daktari wa kinywa na meno, hata kama halikusumbui.

Huwezi kuhesabu siku za kitu ambacho hukukiona kikianza, kwa hiyo jikague kila mwezi. Tafuta kioo, mwanga mkali na kitambaa safi. Nawa mikono, vua meno ya bandia. Tazama midomo kwa ndani, mashavu, fizi na kaakaa. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa, uuvute taratibu upande mmoja kisha wa pili, uone pembeni hadi nyuma. Halafu uinue, utazame chini yake na kupapasa kwa kidole. Sehemu hizi mbili usizipitie harakaharaka: saratani ya kinywa huanzia hapo mara nyingi, na wengi hawapatazami kamwe. Malizia kwa kupapasa shingo na chini ya taya, ukitafuta tezi ngumu.

Vidonda vya kawaida huwa vidogo, vya mviringo, katikati vyeupe au vya njano na ukingo mwekundu. Hupona ndani ya siku 7 hadi 14. Kidonda kimoja chenye ukingo mgumu kinatia shaka zaidi. Kama kinasuguliwa na jino lenye ncha kali, daktari alisawazishe kwanza. Wiki 2 zikipita na kidonda kipo, kinyama kidogo kikatwe kikapimwe maabara.

Ukiona weupe, jaribu kuufuta kwa kitambaa. Fangasi kwa kawaida hufutika na kuacha wekundu. Huwapata watoto wachanga, wenye kisukari au upungufu wa kinga, waliotumia antibiotiki, na wanaovuta dawa ya pumu yenye steroidi. Hawa wa mwisho wasukutue maji kila baada ya dozi. Baka lisilofutika lichunguzwe, na baka jekundu lisilo na sababu ni la hatari zaidi ya jeupe, hasa kwa anayetumia tumbaku, pombe au popoo (kokwa inayotafunwa na tambuu).

Fizi zikitoka damu, wengi huacha kupiga mswaki mahali hapo, na hilo ndilo huzidisha tatizo. Damu mara nyingi hutokana na ukoga uliobaki kwenye shina la jino. Tumia mswaki laini na dawa yenye floraidi, mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, na usafishe katikati ya meno kwa uzi. Damu isipopungua baada ya wiki 2 hivi, huenda kuna ugaga, yaani ukoga uliogeuka mgumu, ambao mswaki hauwezi kuuondoa. Jino la mtu mzima likianza kulegea, usingoje hata wiki hizo 2, kwani huenda mfupa unaolishikilia umeshaanza kuliwa.

Jino linaloshtuka kwa baridi sekunde chache mara nyingi bado laokoleka kwa kuziba. Maumivu yakidumu dakika kadhaa au kukuamsha usiku, kiini cha jino, yaani sehemu laini ya ndani yenye neva, kimeathirika. Kisha huenda yakatulia ghafla, na hapo ndipo watu hudanganyika: kiini kimekufa, maambukizi yanaendelea kuelekea mfupani. Antibiotiki peke yake hazitibu chanzo, na aspirini iliyobandikwa kwenye fizi huiunguza.

Uvimbe wa chini ya taya au chini ya ulimi, taya kukaza, homa, mate kukutoka kwa kushindwa kumeza, au pumzi kubana: nenda hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyohiyo. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.

Kwa mengine, anza kwa daktari wa meno. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya ikibidi. Mwambie tarehe uliyogundua tatizo, dawa zote unazotumia (hasa za kuzuia damu kuganda), na kama unatumia tumbaku. Usimfiche hilo la mwisho, kwani humsaidia kuamua akupime haraka kiasi gani.