Kufungua Lahajedwali za Zamani na Kuzigeuza Ziwe za Kisasa
Kabla ya kugusa chochote, nakili faili la asili kwenye folda nyingine na ufanyie kazi nakala hiyo tu, kwa kuwa programu mpya ikihifadhi juu ya faili la zamani, kilichopotea huenda kisirudi. Kisha tazama kiendelezi cha jina lake, yaani herufi za mwisho baada ya nukta: .wk1 ni cha Lotus 1-2-3, programu iliyotoka mwaka 1983, ilhali .xls ni cha Excel ya kabla ya 2007.

Faili la .xls kwa kawaida hufunguka katika Excel ya leo bila shida. La Lotus halifunguki humo, kwani uwezo huo uliondolewa katika toleo la 2007. Tumia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, kisha ulihifadhi upya katika muundo wa .xlsx (wa Excel ya kisasa) au .ods (wa LibreOffice). Ikiwa faili la Excel lina makro, yaani amri zilizorekodiwa ili kazi ijifanye yenyewe, chagua .xlsm, maana .xlsx huzitupa.

Kazi hasa ni ukaguzi, na hapa ndipo wengi huharakisha. Linganisha jumla za safuwima, ikiwezekana na karatasi iliyochapishwa zamani, halafu bofya seli chache uone kama bado zina fomula au zimebaki namba tupu. Tarehe zitazamwe kwa jicho kali: baadhi ya mafaili yaliyotengenezwa kwenye Macintosh huhesabu siku kuanzia mwaka 1904 badala ya 1900, hivyo ukinakili seli zake kwenye faili la kawaida, tarehe hurudi nyuma kwa siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Faili la asili usilifute.