Kutoka Lushoto hadi Irente kwa miguu

Ukishuka stendi ya Lushoto, mji wa milima ya Usambara, ukasema unakwenda Irente, kwenye genge la mlima linalotazama nyika, vijana wa bodaboda watakuzunguka mara moja. Washukuru, uwaambie leo unatembea. Ni kilomita tano au sita hivi, na mtu wa mwendo wa kawaida hutumia saa moja na nusu, au mbili akiwa mpenda kusalimia. Nimefundisha jiografia katika milima hii hadi nikastaafu, na watoto wa kaka zangu wakija kutoka Dar siwaruhusu kupanda pikipiki kwenda Irente, hata wakinibembeleza vipi: "Shangazi, tutachoka." Wachoke. Anayepelekwa huko kwa injini huona genge, hupiga picha, hurudi. Anayetembea hufika akiwa ameshauona mlima unavyolimwa na watu wanavyobanana juu yake, na hapo ndipo anapoielewa ile nyika iliyolala chini.

Jiandae hivi. Vaa raba zenye meno, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa ni utelezi mtupu. Beba sweta hata kama ulipopita Mombo, mji ulio chini ya mlima, ulikuwa unatoka jasho. Mji uko kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi ya asubuhi si ya mchezo. Masika, Machi hadi Mei, sikushauri: njia zinateleza na ukungu unaweza kukaa siku nzima usione hata mti ulio mbele yako. Chukua maji, kofia na pesa za chenji. Akina mama vaeni gauni refu au suruali pana, na akina baba acheni kaptula fupi nyumbani. Vijiji utakavyopita ni vya Waislamu na Walutheri wanaoheshimiana, nao hupenda kuona mgeni aliyejisitiri.

Ondoka saa mbili asubuhi, si mapema zaidi. Genge la Irente linatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi mapema kivuli cha mlima wenyewe huwa kimeifunika Mazinde kule chini. Ukifika kwenye saa nne, jua limeshapanda, kivuli kimejivuta hadi miguuni mwa mlima na nyika imefunguka yote. Wanaopenda kuona jua likizama waende alasiri, ila wajue watarudi gizani, na hao sasa nawaruhusu wachukue pikipiki.

Kabla hujaanza kupanda, zunguka mjini nusu saa. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili. Walivutiwa na hewa ya baridi, na reli yao kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, kupanda huku kukawa rahisi zaidi. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakauchukua mji. Tazama nyumba za zamani: misingi ya mawe, mapaa yenye mteremko mkali na dohani za kutolea moshi. Mswahili wa pwani akiona nyumba yenye mahali pa kuotea moto sebuleni hushangaa. Alale hapa usiku mmoja wa Julai, mshangao utamwisha.

Njia ya Irente inatoka mjini kuelekea kusini-magharibi kupitia Yoghoi. Huwezi kupotea ukiuliza, na uulize kwa mpangilio: kwanza shikamoo kwa mkubwa, habari za nyumbani, za shamba, ndipo njia. Mzee atakuonyesha kwa mkono mzima, pengine atakusindikiza hatua kadhaa. Kuna barabara ya magari na kuna vichochoro vya miguu vinavyoikata kona. Kwa kupanda, fuata barabara, kwa kuwa mteremko wake ni wa taratibu na unakupa nafasi ya kutazama pembeni.

Na hapo pembeni ndipo somo lilipo. Simama mahali popote panapokuonyesha bonde zima, kisha uanze kusoma kuanzia chini. Kule bondeni karibu na maji kuna vitalu vya mboga: kabichi, karoti, hoho, njegere. Ndivyo vinavyojazwa kwenye matenga na kupakiwa kwenye Fuso kwenda Dar. Panda na macho: mteremkoni ni mahindi na maharage. Juu zaidi, migongoni mwa vilima, ndipo nyumba zilipo, na migomba imezizunguka. Mpangilio huu ni wa zamani kuliko mji wenyewe. Wazee wetu walijenga juu na kuacha mabonde, na mgomba ulikaa karibu na mlango kwa sababu ndio uliokuwa chakula.

Sasa angalia mistari ya majani marefu inayokatiza mteremko kwa usawa. Hayo ni majani ya Guatemala. Yalienezwa sana kuanzia miaka ya 1980 na mradi wa kuhifadhi udongo, na wakulima wakayapokea kwa sababu yanashika udongo na wakati huohuo ng'ombe wa ndani anakula. Linganisha na yaliyotokea kabla ya Uhuru. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta kwenye mashamba yao, kwa sheria na faini. Ilikuwa kazi ngumu mno kwa jembe la mkono, juu ya ardhi ndogo, na mzigo mkubwa uliwaangukia wanawake. Watu walikataa, kukawa na ghasia, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Nilipokuwa nafundisha niliwaleta wanafunzi wauone mteremko wenyewe, maana ubaoni udongo haumomonyoki. Nawe usikatize shambani kufupisha njia. Ukingo mmoja ukibomolewa na kiatu, mvua inayofuata itaingilia hapohapo.

Baada ya Yoghoi utafika shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri. Pumzika hapa. Wanauza jibini ya kwao, mkate mweusi wa shayiri nyeusi na jamu za matunda ya huku, na unaweza kukaa bustanini ukala. Nunua, maana kule mbele utataka kitu cha kutafuna. Karibu na hapo ipo shule ya msingi ya watoto wasioona. Ukiwakuta njiani wasalimie kwa sauti kama watoto wengine, na usiwapige picha. Hilo la picha liko hivyohivyo kwa kila mtu utakayempita, hasa kina mama wenye mizigo kichwani: omba kwanza, ukikataliwa sema asante uendelee.

Kutoka shambani hadi gengeni ni mwendo mfupi tu. Kuna kiingilio kidogo, lipa. Usisogee ukingoni kwa ajili ya picha, hasa mawe yakiwa na umande. Ardhi inakatika ghafla na kushuka karibu mita elfu moja.

Chini yako ni Mazinde. Yale mashamba yaliyopangwa kwa mistari iliyonyooka ni mkonge, mmea ulioletwa nchini kutoka Florida mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Barabara kuu na reli ya kuelekea Moshi zinapita hapohapo, na ng'ambo yake nyika ya Wamaasai inakwenda hadi macho yanakoma. Kaa chini, kwa sababu Mazinde ina habari inayotaka mtu aliyetulia.

Wasambaa wa zamani waliiogopa nyika. Huko kulikuwa na homa, joto na wavamizi; uhai ulikuwa huku juu, kwenye mvua. Mji wa wafalme wa Kilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, ulikuwa Vuga huku mlimani, na mfalme wao mkubwa, Kimweri ye Nyumbai, alikaa huko hadi alipofariki mwaka 1862. Ufalme akapewa mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa ameshuka akatawala Mazinde, penye njia ya misafara iliyopanda kutoka Pangani. Misafara ilimpa bunduki. Kwa bunduki hizo akamfukuza Shekulwavu kutoka Vuga, na nchi ikaingia vitani miaka mingi, watu wakiuzwa utumwani. Ukiwa hapo juu utaona kwa macho yako kwa nini mtu aliyekaa kule chini, kando ya njia, aliweza kumshinda aliyekaa juu ya mlima. Ndiyo maana nasisitiza utembee. Miguu yako ikiwa imeshauhisi mlima, utajua ukubwa wa uamuzi wa kuuacha na kushuka.

Kwa kurudi, achana na barabara. Ukifika Yoghoi uliza njia ya miguu ya kushukia mjini kupitia bondeni. Ina mteremko zaidi, kwa hiyo magoti yajiandae, lakini inapita katikati ya vitalu na mifereji, chini ya migrivea. Tazama matawi ya vichaka polepole, vinyonga wapo wengi. Wengine hapa Usambara wana pembe puani. Usiwashike, na usimlipe mtoto anayekuletea mmoja juu ya kijiti, kwani kesho atakamata kumi.

Njia hii haihitaji kiongozi, ila mjini wapo waongoza watalii wenye vitambulisho, na fedha unayowapa inabaki hapa. Kwa msitu wa Magamba, kaskazini mwa mji, mambo ni tofauti: ni hifadhi, unahitaji kibali na kiongozi, na upange siku nyingine kabisa.

Ukiweza, panga kutembea Alhamisi au Jumapili, siku ambazo soko la Lushoto hujaa. Ukinunua plamu au peasi za kupeleka nyumbani, chagua zilizo ngumu bado na uombe zifungwe kwenye boksi, si mfuko. Kona za kushukia Soni hadi Mombo ni nyingi, na zilizoiva hufika uji.