Pweza, samaki na korosho kwa wenyewe: ninavyonunua Mtwara

Ukitaka pweza wa leo, tazama mwezi kabla ya kutazama pochi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupiga bamvu: asubuhi maji yanakupwa mbali, mwamba unabaki wazi, na kina mama wanashuka na vijiti vyao. Hurudi maji yanapoanza kujaa, karibu na adhuhuri. Mimi ni mama lishe, kwa hiyo kwangu pweza ni chakula cha jioni, mchana hatuwahiani. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, usijisumbue. Utauziwa aliyelala kwenye barafu kwa jina la wa leo.

Anza na salamu. "Shikamoo bibi, maji yametoa nini leo?" Bei itafuata yenyewe. Anayeanza na "shilingi ngapi?" hutajiwa bei ya mgeni, na haki yake. Kisha mguse pweza: aliyetoka majini sasa hivi ngozi hubadilika rangi na vinyonyeo vinang'ang'ania kidole. Wa juzi ameshapiga wekundu, ngozi inachubuka. Chini ya nusu kilo mwache. Sheria ya uvuvi hairuhusu, na sufuriani atasinyaa hadi ushangae.

Samaki nafuata soko la Feri, mapema. Mnada haumfai mtu wa kilo mbili, maana wachuuzi wanashindania tenga zima. Ama mjikusanye majirani watatu mnunue tenga mgawane, ama umngoje mvuvi wa mshipi mwenye mtumbwi mdogo. Huyo ana changu au tasi wachache, anakuuzia mtungo, na samaki wake hawajapondekapondeka wavuni. Funua shavu: matamvua yawe mekundu, macho yamejaa. Ukimshuku samaki, omba apasuliwe mbele yako. Mfupa wa mgongo umevunjika, damu imevilia tumboni, nyama inamumunyuka? Huyo kavuliwa kwa baruti. Ondoka, hata kama ni wa bei ya bure.

Mboga hazina somo refu: fika bustanini alfajiri, chagua tuta, yakatwe matembele ukiona.

Korosho ndizo zenye mtego. Msimu ukianza Oktoba, usinunue ghafi mlangoni kwa mkulima, hata akiwa shemeji yako. Hiyo ndiyo kangomba inayokatazwa; ghafi hupitia chama cha msingi cha ushirika, huwekwa ghalani kwa stakabadhi, hadi mnadani. Wewe tafuta kina mama wanaobangua nyumbani. Vunja moja: ikipinda badala ya kukatika, imevuta unyevu. Onja nyingine, na yenye ladha ya mafuta yaliyochacha irudishe bila aibu. Ukimpata mbanguaji mzuri, mwachie namba yako na kishika uchumba kidogo, fedha zilizobaki umlipe mzigo ukiwa mkononi. Na kama ni za kusaga kutia kwenye mchuzi, omba vipande. Ni nafuu, na ndani ya chungu hakuna atakayeuliza zilikuwa nzima au la.