Namna ya kusimamisha mchezaji katika mashindano ya mtaa: utaratibu wa kuiga kutoka hoki ya NHL

Mashindano ya mpira wa miguu ya vakansi katika mitaa kama Katuba au Kamalondo huvunjika mara nyingi kamati inapotoa adhabu ambayo hakuna anayejua imetoka wapi. Ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, NHL, ina idara maalumu ya usalama wa wachezaji tangu 2011, na kila inapomsimamisha mtu hutoa video yenye maelezo ya sababu. Hapa Lubumbashi simu moja na daftari vinatosha.

Kabla ya mechi ya kwanza, chagueni watu watatu wasio na timu wawe kamati ya adhabu. Andikeni viwango vya adhabu, makapteni wote watie sahihi.

Ushahidi ndio kazi kubwa. Mpiga picha asimame mahali palipoinuka, usawa wa mstari wa kati, asivute picha karibu: akivuta, mpira unatoka kwenye kioo, na swali zito ni mpira ulikuwa wapi teke lilipopigwa. Mwamuzi aandike ripoti kabla ya kuondoka uwanjani. Akilala nayo, itakuwa imeshapita masikioni mwa mashabiki.

Tazameni tukio kwa kasi ya kawaida kwanza, maana ikipunguzwa kila kosa huonekana la makusudi. Kisha ulizeni kwa mpangilio huu: sheria ilivunjwa? Aliyechezewa aliumia? Mkosaji ana historia? Kamati nyingi huanza na la pili, na hapo ndipo zinapopotea. Mguu unaweza kuvunjika katika mchezo halali kabisa, na hapo hakuna wa kuadhibiwa.

Msikilizeni mchezaji. NHL ikimsikiliza kwa simu tu haiwezi kumpa zaidi ya mechi 5. Kwa 6 na kuendelea lazima imwalike ajieleze ana kwa ana. Kwenu, mechi moja yaweza kumalizwa kwa simu. Mbili na zaidi, aje na kapteni wake.

Msinakili idadi, pimeni sehemu ya msimu. Raffi Torres, mchezaji wa NHL, alisimamishwa mechi 41 mwaka 2015, nusu ya msimu wa mechi 82. Katika mashindano ya mechi 6, nusu ni 3.

Rufaa iamuliwe kabla ya mechi inayofuata. Mwaka 2016 Dennis Wideman, mchezaji wa NHL aliyemgonga mwamuzi wa mstari, alipunguziwa adhabu kutoka mechi 20 hadi 10 akiwa tayari amekaa nje mechi 19. Haki iliyochelewa hivyo haikumrudishia mechi alizokosa.

Faini iingie kwenye mfuko wa matibabu ya wachezaji; NHL nayo hupeleka mishahara iliyokatwa kwenye mfuko wa dharura wa wachezaji. Kamati ikila faini, kila uamuzi utaitwa biashara.

Mwisho, aliyesimamishwa hupenda kurudi kwa jina na jezi ya mwenzake. Linganisheni sura na picha za usajili, timu zikiwa zimepanga mstari, kabla ya filimbi.