Kiti kisimame sakafuni kwa mnunuzi: kutengeneza umbo la 3D kwa picha za simu

Anayenunua kiti mtandaoni ana swali moja ambalo picha nzuri haziwezi kulijibu: kitaenea pale? Uhalisia ulioboreshwa unalijibu kwa kukisimamisha kiti sakafuni kwake kupitia kamera ya simu, kikiwa na ukubwa wake halisi. Kwa hiyo vipimo vitangulie, urembo ufuate. Umbo lililopauka rangi kidogo bado linauza. Lililozidi sentimita nane linamrudishia muuzaji mzigo.

Picha

Weka kiti mahali unapoweza kukizunguka, kwenye mwanga uliotawanyika: nje siku ya mawingu, au kivulini. Zima flashi. Gusa kioo cha simu na ushikilie hadi mwanga na fokasi vijifunge, la sivyo simu itabadilisha mwangaza kila unapogeuka na kiti kitatoka na mabaka. Tandika magazeti yenye maandishi chini yake. Programu itakayounganisha picha kuwa umbo hutafuta alama ndogondogo zinazojirudia kutoka picha moja hadi nyingine, na sakafu nyeupe tupu haina cha kushika. Kando ya miguu bandika vipande viwili vya utepe, katikati yake sentimita 50 kamili. Kazi yake utaiona mbele.

Zunguka mara tatu: kamera ikiwa usawa wa miguu, kisha usawa wa sehemu ya kukalia, kisha juu ikielekea chini kwa nyuzi 45 hivi. Kila mzunguko piga picha 24, yaani nyuzi 15 kwa kila hatua, jumla 72. Kila picha irudie angalau theluthi mbili ya ile iliyotangulia. Usogee wewe, si kiti. Ukikizungusha kiti mbele ya ukuta uliotulia, ukuta unasema kamera haikusogea na kiti kinasema imesogea; matokeo yake ni maumbo mawili yaliyopandana.

Vitu vinavyong'aa ni tabu. Mng'ao hutembea pamoja na kamera, na programu huuhesabu kama sehemu ya umbo, ndiyo maana chuma kilichosuguliwa hutoka na mashimo. Poda ya talki iliyopakwa kidogo sana husaidia, japo inabadilisha rangi. Kioo kinachopitisha mwanga usihangaike kukipiga picha, kichore kwa mkono katika Blender, programu ya bure ya kuchora maumbo ya 3D.

Kutoka picha hadi umbo

Meshroom, programu ya kuunganisha picha kuwa umbo, ni ya bure: buruta picha ndani, bonyeza Start, subiri. Hatua ya kukadiria kina inahitaji kadi ya michoro ya NVIDIA yenye CUDA, teknolojia yake ya kufanyia mahesabu; kompyuta isiyo nayo itakwama hapo. Mwishoni utapata wavu wa pembetatu na tekscha, yaani picha inayolivika umbo rangi. Lifungue katika Blender.

Sasa ule utepe. Programu inajua sura ya kitu lakini haijui ukubwa wake, kwa sababu kiti kidogo cha mwanasesere kilichopigwa kwa karibu na kiti kikubwa kilichopigwa kwa mbali hutoa picha zilezile. Pima umbali wa vipande vya utepe ndani ya Blender. Ukisoma mita 1.37, gawanya 0.5 kwa 1.37, upate 0.365. Chagua umbo, bonyeza S, andika 0.365, Enter, kisha Ctrl+A na uchague Scale. Hakiki kwa kipimo cha pili ulichokichukua kwenye kiti chenyewe, kama urefu wa mgongo. Tofauti ikizidi asilimia 1, rudia.

Ondoa sakafu na magazeti, kisha zungusha umbo ulitazame kutoka chini kabisa. Mara nyingi hubaki kipande cha gazeti, pengine kidogo kuliko ukucha, kikielea sentimita chache chini ya miguu. Usipokiona wewe, simu itakiona: huhesabu sehemu ya chini kabisa ya umbo kuwa ndiyo inayogusa sakafu, hivyo kiti kitaning'inia hewani huku kivuli chake kiko chini peke yake. Kifute, kisha shusha umbo hadi ncha za miguu zikae kwenye Z = 0, yaani usawa wa sakafu ya Blender.

Wavu mbichi huwa mzito mno kwa simu. Tumia kirekebishi cha Decimate: wavu wa pembetatu 800,000 kwa uwiano wa 0.05 unabaki na 40,000, na kwa kiti hizo zinatosha. Shuka kidogokidogo ukiangalia miguu, maana sehemu nyembamba ndizo zinazopinda kwanza.

Kwenye tekscha wengi hudanganywa na uzito wa faili. JPEG inapunguza muda wa kupakua tu. Kwenye kumbukumbu ya simu picha hufunguliwa yote, baiti 4 kwa kila nukta. Tekscha ya 8192 kwa 8192 hula MB 256, ya 2048 kwa 2048 hula MB 16. Ukurasa ukijifunga wenyewe kwenye simu za bei nafuu, shuku tekscha kabla ya kushuku pembetatu. Punguza hadi 2048, weka Metallic (uchuma) 0 na Roughness (ukwaru) karibu 0.8 kwa mbao zisizong'aa, kisha toa faili la GLB, linalobeba umbo na tekscha pamoja, ukiwasha Draco, ukandamizaji wa wavu. Lenga chini ya MB 5.

Kwenye ukurasa

Kijenzi cha model-viewer cha Google, kinachoonyesha umbo la 3D ndani ya ukurasa wa wavuti, kinafanya kazi karibu yote. Ukishapakia skripti yake, andika:

`<model-viewer src="kiti.glb" ar ar-scale="fixed" ar-placement="floor" camera-controls alt="Kiti cha mbao"></model-viewer>`

Neno `fixed` lisikosekane. Bila hilo mnunuzi anaweza kukipunguza kiti kwa vidole viwili hadi kienee kwenye kona isiyokitosha, na hapo kipimo hakina maana tena. Tovuti iwe ya HTTPS (muunganisho uliosimbwa), maana kivinjari hakifungui kamera vinginevyo. Seva itume faili kwa aina ya `model/gltf-binary`. Android inahitaji simu inayokubali ARCore, mfumo wa Google wa uhalisia ulioboreshwa. iPhone hutumia USDZ, aina nyingine ya faili la 3D, ambayo model-viewer huitengeneza yenyewe usipoiweka.

Watu wakilalamika kwamba sakafu haionekani, kwa kawaida wamesimama palepale wakigeuza simu tu. Simu hujua kina kwa kuona vitu vikipishana inaposogea, kwa hiyo andika kwenye kitufe: "Sogeza simu polepole kushoto na kulia." Sakafu nyeusi inayong'aa itasumbua hata hivyo.

Faili lilelile darasani

Umbo la pampu au la moyo hutengenezwa vivyo hivyo, na maelezo huongezwa kama vitufe vilivyobandikwa kwenye sehemu zake, kila kimoja na `slot="hotspot-1"` na kuendelea, pamoja na `data-position`, yaani mahali pake kwenye umbo. Jihadhari: vitufe hivyo huonekana ndani ya ukurasa na katika hali ya WebXR (kivinjari chenyewe kikiendesha uhalisia ulioboreshwa), lakini hupotea mtazamaji anapohamia kwenye kitazamaji cha iPhone. Somo linalotegemea maelezo liwekwe ndani ya ukurasa.

Kwa uhalisia pepe, ndani ya miwani, mahesabu ni makali zaidi. Miwani ya fremu 72 kwa sekunde inakupa milisekunde 13.9 kuchora kila fremu, tena kwa macho mawili. Ukichelewa, mandhari hutetema na mwanafunzi husikia kichefuchefu. Usimsogeze bila yeye kutaka: mruhusu aelekeze kidhibiti sakafuni na kuruka hadi pale alipolenga. Maandishi yakae mita 1.5 hadi 2 mbele yake. Na kabla ya kumpa mtu mwingine, vaa miwani mwenyewe kwa dakika 10 mfululizo, si 2.